Wanataka kununua kampuni yetu: je, milioni 120 ni milioni 120 kweli?

*"Miaka tisa iliyopita mimi na mwenzangu tulianza kutengeneza programu ya kuendesha sacco: akiba, mikopo, gawio na malipo ya M-Pesa. Hatukuchukua pesa ya mwekezaji yeyote. Tulianza na mshahara wangu na mkopo wa sacco niliyokuwa mwanachama. Leo tuna sacco 64 zinazotulipa kila mwezi, zenye wanachama wapatao 90,000 kwa jumla, na wafanyakazi kumi na mmoja. Mwaka jana tuliingiza shilingi milioni 52, tukapata faida ya milioni 14 kabla ya kodi. Mimi nina asilimia 60 ya hisa, mwenzangu 40.*

*Mwezi uliopita kampuni kubwa ya malipo hapa Nairobi ilituandikia ikitaka kutununua kwa milioni 120: milioni 60 siku ya kukamilisha mauzo, na 60 nyingine ndani ya miaka mitatu tukifikisha malengo ya mapato. Wanataka tutie saini barua ya kusudio inayotukataza kuzungumza na mnunuzi mwingine kwa siku 120, na tuwape orodha ya wateja na msimbo wa programu waukague. Mwenzangu anasema kampuni kama yetu huuzwa mara mbili ya mapato, kwa hiyo bei ni nzuri. Mume wangu anasema tukikataa watatengeneza yao na kutumaliza. Niamini nani?"*

Dada yangu, kwanza hongera. Kampuni iliyojengwa kwa mshahara na mkopo wa sacco, ikafika mahali pa kulisha familia kumi na moja, si jambo dogo, na waliokuandikia wanalijua hilo kuliko wanavyoonyesha kwenye barua yao. Umeniuliza umwamini nani kati ya mwenzako na mume wako. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila hakuna aliyegusa jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika hiyo barua, nalo ni ile milioni 60 ya pili.

Tuanze na "mara mbili ya mapato". Hesabu za namna hiyo zina maana kwa mnunuzi anayetaka kuvuna faida ileile unayovuna wewe. Huyo huangalia faida yako ya mwaka, akapima itadumu kwa muda gani, kisha akataja bei. Aliyekuandikia si wa aina hiyo. Huyu ni mnunuzi wa kimkakati: anaitaka kampuni yako kwa sababu ya kile atakachofanya nayo ndani ya biashara aliyo nayo tayari. Mfano unaojulikana ni Mailchimp ya Atlanta, Marekani, programu ya kutuma barua pepe za matangazo ya biashara. Ben Chestnut na wenzake waliianzisha 2001, wakaikuza bila pesa za wawekezaji, na 2021 Intuit ikakubali kuinunua kwa takriban dola bilioni 12, sehemu taslimu na sehemu hisa. Intuit tayari ilikuwa na QuickBooks, programu ya hesabu inayotumiwa na biashara ndogo. Mailchimp iliwapa wenye biashara hizo njia ya kuwafikia wateja wao. Thamani ilitokana na viwili hivyo kuwekwa chini ya paa moja.

Sasa kaa kwenye kiti cha mnunuzi wako upige hesabu kama anavyopiga yeye. Sacco zako zina wanachama 90,000. Tuseme kila mmoja hutuma pesa mara nne kwa mwezi, akiba na marejesho ya mkopo, na tuseme malipo hayo yakipitia kwake anabaki na shilingi tano kwa kila muamala. Hiyo ni milioni 1.8 kwa mwezi, milioni 21.6 kwa mwaka, hata kama wewe hutaongeza sacco moja. Namba za miamala na ada ni zangu za kukuonyesha njia. Wewe unazo za kweli kwenye mfumo wako, na ni lazima uzipige kabla ya kuonana nao tena. Pesa hizo hazimo kwenye vitabu vyako, kwa hiyo hazimo kwenye "mara mbili ya mapato". Ndizo zilizowaleta.

Kuhusu hofu ya mume wako, sitakudanganya kwamba haina msingi. Waandaaji programu wazuri wanne au watano wanaweza kuandika mfumo wa sacco kwa mwaka mmoja, pengine mwaka na nusu. Ambacho pesa haiharakishi ni sacco kuhama. Wewe unajua jinsi inavyokwenda: kamati kuu ikutane, mwenyekiti ashawishike, hesabu za mwaka zifungwe na kukaguliwa, mkutano mkuu upite, kisha mtu aketi na daftari za mikopo ya miaka sita kuhakikisha salio la kila mwanachama limehamia sawasawa. Kwa sacco zilizo chini ya SASRA, mamlaka inayosimamia sacco, kuna pia taarifa za msimamizi ambazo haziruhusiwi kuchelewa kwa sababu mfumo ni mpya. Mnunuzi akijenga chake, atazisubiri sacco hizo moja moja. Muda huo ndio anaoununua kwako. Hatari halisi kwako ni nyingine: akiamua kutoa mfumo bure ili avune kwenye miamala, ndani ya miaka michache utaumia hata kama mfumo wako ni bora. Kwa hiyo una nguvu ya kujadiliana, lakini nguvu hiyo si ya milele.

Hapo ndipo tunarudi kwenye milioni 60 ya pili. Barua inasema mtalipwa mkifikisha malengo ya mapato. Mapato ya nani, na bei ya huduma itawekwa na nani? Kama hesabu niliyokupigia ni ya kweli, siku moja baada ya kununua, uamuzi wenye busara kwa mnunuzi huenda ukawa kupunguza ada yako ya mwezi, au kuifuta kabisa, ili sacco nyingi zaidi ziingie na miamala iongezeke. Kwake hiyo ni faida tupu. Kwenu ada imekufa, malengo hayakufikiwa, na milioni 60 imebaki mfukoni mwake bila yeye kuvunja kifungu hata kimoja. Si lazima awe mtu mbaya. Sababu ileile inayomfanya aitake kampuni yako ndiyo itakayowanyima nusu ya malipo, na nimeshuhudia watu waaminifu pande zote mbili wakiishia kwa mawakili kwa jambo hili hili.

Malipo ya kutegemea matokeo si mabaya yenyewe. Yafunge kwenye kitu ambacho mnunuzi hawezi kukibadilisha kwa barua pepe moja. Kwa mfano: idadi ya sacco zilizobaki kwenye mfumo baada ya miezi 12, au idadi ya wanachama wanaoutumia. Usikubali kipimo cha faida, kwa sababu atakayeamua gharama zipi zibebeshwe kampuni yako ni yeye. Kiandikwe kifungu kwamba akipunguza bei, akiunganisha mfumo wenu na mwingine, akiwaondoa kazini bila kosa, au akiiuza kampuni kwa mtu wa tatu, salio lote linadaiwa papo hapo. Malipo yawe na ngazi, ili mkifika asilimia 90 ya lengo mpate sehemu, msikose yote. Na miaka mitatu ni mingi mno. Miezi 12 hadi 18 inatosha kuthibitisha kwamba wateja hawakukimbia.

Mpaka hayo yaandikwe, mimi ningeihesabu hiyo 60 ya pili kuwa sifuri na kuipima ofa kwa 60 ya kwanza peke yake. Hebu tuifuate hadi mfukoni mwako. Mnunuzi kwa kawaida hushikilia sehemu kwa mwaka au zaidi ili kulipia matatizo yatakayojitokeza baadaye. Tuseme asilimia 10, yaani milioni 6. Kodi ya faida ya mtaji hapa Kenya ni asilimia 15 tangu Januari 2023, kutoka 5 ya awali, na kwa kuwa hisa zenu ziliwagharimu kidogo sana, karibu pesa yote itahesabiwa kuwa faida: milioni 9. Wakili na mhasibu, tuseme milioni 3. Inabaki 42, na fungu lako la asilimia 60 ni milioni 25.2. Sasa linganisha na kutouza. Faida ya milioni 14, ukitoa kodi ya kampuni ya asilimia 30 na asilimia 5 inayokatwa kwenye gawio, inakuachia wewe takriban milioni 5.6 kwa mwaka, mbali na mshahara wako. Kwa maneno mengine, siku ya kwanza unapewa gawio la miaka minne na nusu, kisha kampuni si yako tena. Ukiniuliza kama bei ni ya haki, nasema kwa muundo huu ni ndogo. Milioni 120 hiyo hiyo ikilipwa 90 mwanzoni na 30 baadaye kwa vipimo vilivyo mikononi mwenu, ningekuambia ni ofa ya kuzungumziwa kwa uzito.

Kuhusu barua ya kusudio. Watakuambia haifungi mtu kisheria, na kwa upande wa bei huwa ni kweli. Lakini kifungu cha kutozungumza na wengine na kile cha kutunza siri kwa kawaida vinafunga. Siku 120 ni miezi minne ambayo mnunuzi anakukagua akijua huna pa kwenda, na mara nyingi ni katika wiki za mwisho, wewe ukiwa umeshachoka na wafanyakazi wameshaanza kunong'ona, ndipo anagundua "tatizo" linaloshusha bei. Omba siku 45, mwisho kabisa 60, na kifungu kife chenyewe siku atakapopunguza bei aliyoandika. Kabla ya kuweka saini yoyote, zungumza na wengine wawili watatu ambao hesabu ya 90,000 inawahusu pia: benki inayokopesha sacco, kampuni ya bima, mtengenezaji mwingine wa mifumo ya fedha. Hata asipopatikana mwingine, sauti yako mezani itabadilika.

Orodha ya wateja na msimbo usivitoe kabla ya makubaliano ya siri yanayomkataza pia kuwaajiri wafanyakazi wako na kuwafuata wateja wako kwa muda uliotajwa. Hata baada ya hapo, toa kwa ngazi. Mwanzoni wape jedwali ambalo sacco zinaitwa A, B, C, zikionyesha mwaka wa kujiunga, ada, idadi ya wanachama na kaunti. Majina yatoke bei ikishakubaliwa na mkataba ukiwa karibu kukamilika. Msimbo ukaguliwe mwishoni kabisa, kwenye kompyuta yenu au na mkaguzi huru mtakayekubaliana, bila nakala kutoka. Mnunuzi makini hatakasirika kwa hilo, kwa sababu angefanya vivyo hivyo. Akikasirika, umejifunza jambo mapema.

Wakati huo huo, geukia nyumba yako mwenyewe. Mauzo mengi ya kampuni zilizojengwa kwa pesa ya mfukoni hukwama kwenye mambo ambayo mwanzoni yalifanywa kirafiki. Kuna kampuni moja niliyoisaidia ambayo ukaguzi wake ulisimama kwa wiki kadhaa kwa sababu jina la tovuti lilikuwa limesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya kijana aliyefanya mafunzo ya kazi pale miaka mingi nyuma, na kijana mwenyewe yuko Doha, hapokei simu za namba asiyoijua. Alipopatikana, aliuliza kwa upole atalipwa kiasi gani. Fungua daftari leo uandike: jina la tovuti liko kwa nani, akaunti ya seva inalipwa kwa kadi ya nani, akaunti ya Daraja (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa) inayounganisha paybill iko chini ya barua pepe ipi, programu ya simu imepakiwa kwa jina la nani. Vyote vihamie kwa kampuni.

Kisha orodhesha kila mtu aliyewahi kuandika hata sehemu ndogo ya msimbo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kwa kawaida humpa haki mwajiri au aliyeagiza kazi, isipokuwa kama mlipatana vinginevyo. Lakini mnunuzi hatalipa mamilioni kwa kutegemea "kwa kawaida". Atataka karatasi iliyotiwa saini na kila mmoja ikisema kazi hiyo ni ya kampuni. Ni rahisi kuzikusanya sasa kuliko habari za mauzo zikishaenea. Hakikisha pia fomu ya CR12, yaani taarifa rasmi ya wakurugenzi na wenye hisa, inaonyesha hisa zenu kama zilivyo, na kwamba PAYE, NSSF na kodi nyingine hazina madeni yaliyosahaulika. Deni la KRA la miaka ya nyuma litatolewa kwenye bei yako, pamoja na riba.

Wauziwe nini hasa, hisa au mali za kampuni? Kwa hali yenu, hisa. Mkiuza hisa, kampuni inabaki ile ile, mikataba na sacco 64 inaendelea, ingawa lazima usome kila mkataba kuona kama kuna kifungu kinachotaka idhini mmiliki akibadilika. Mkiuza mali, huenda mkahitaji kibali cha kamati 64, na wafanyakazi hawahami moja kwa moja: chini ya Sheria ya Ajira ya 2007 mtapaswa kuwapunguza kazini kwa utaratibu, ikiwemo notisi ya mwezi na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka waliofanya kazi, kisha mnunuzi awaajiri upya. Mnunuzi anaweza kupendelea mali kwa kuwa hataki madeni yenu ya zamani. Akisisitiza, gharama hiyo iwe yake.

Kwa ukubwa wa mnunuzi wako, huenda pia mauzo yakahitaji idhini ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Mapato ya mwaka au mali za pande zote mbili zikijumlishwa na kufika shilingi milioni 500, wakili wako lazima aliangalie hilo. Bila idhini inapotakiwa, mauzo hayana nguvu kisheria, na faini inaweza kufika asilimia 10 ya mapato ya mwaka. Kabla ya idhini mnunuzi anaruhusiwa kulipa malipo ya awali yasiyozidi asilimia 20 ya bei, na hapaswi kuanza kuwaamrisha wafanyakazi wako. Uchunguzi una siku 60 zinazoweza kuongezwa nyingine 60, kwa hiyo panga mambo yako ya nyumbani ukijua hivyo. Na taarifa za wanachama si zako kuziuza. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sacco ndiyo inayoamua taarifa hizo zitumikeje. Wewe unazichakata kwa niaba yake. Mnunuzi akiwa na ndoto ya kuwatumia wanachama 90,000 matangazo ya mikopo, usimpe ahadi yoyote ya maandishi kwamba anaweza.

Mwenzako mwenye 40 anahitaji mazungumzo ya peke yake, nje ya ofisi, kabla ya mkutano mwingine wowote na mnunuzi. Muulize anahitaji pesa kiasi gani, lini, na kama yuko tayari kuajiriwa miaka miwili na watu hao. Mnunuzi akihisi mmoja wenu ana haraka, atazungumza na huyo. Inawezekana kabisa majibu yenu yakatofautiana, na suluhisho likawa wewe kumnunua yeye kidogo kidogo kutoka kwenye faida.

Wafikirie na wale kumi na mmoja. Mailchimp ilipouzwa, wafanyakazi wengi waliudhika kwa sababu hawakuwa na hisa wakati waanzilishi walipata mabilioni, ingawa Intuit iliwatengea hisa zake za baadaye. Ninyi hamlazimiki kisheria kuwapa kitu. Lakini msichana anayepokea simu za mameneja wa sacco saa moja asubuhi mfumo unapogoma ndiye sehemu kubwa ya kile kinachonunuliwa. Watengeeni wafanyakazi fungu, mliandike kwenye mkataba, lilipwe siku mnayolipwa ninyi.

Kuna njia nyingine ambayo barua yao haikuitaja. Mnaweza kukataa kuuza na badala yake kuwapa mkataba wa kibiashara: malipo ya sacco zenu yapitie kwao, nanyi mpate sehemu ya kila muamala. Kwa hesabu ya milioni 21.6 niliyopiga, hata theluthi moja ingekuongezea faida kwa nusu bila kupoteza kampuni. Ubaya wake ni kwamba mtamtegemea mtu mmoja, na akishazijua sacco zenu anaweza kuwazunguka. Kama una nguvu za miaka mingine mitano na hukosi usingizi kwa madeni, ningelijaribu hilo kwanza. Kama umechoka, afya inadai, au ada za watoto zimekubana, kuuza si kushindwa. Uza kwa bei ambayo sehemu ya siku ya kwanza peke yake inakutosha.

Barua yangu haitoshi kukufikisha mwisho. Kabla ya saini yoyote, kaa ana kwa ana na wakili aliyewahi kuuza na kununua kampuni. Yule aliyekuandikia mkataba wa shamba, hata awe mzuri kiasi gani, asiwe ndiye. Muulize ameshughulikia mauzo mangapi ya hisa na akupe bei ya kazi kwa hatua. Muone pia mhasibu wa kodi, hasa kuhusu lini kodi ya malipo ya baadaye inadaiwa, ili usije ukalipa kodi ya pesa ambayo hujaipokea. Ukiona mnunuzi anakuharakisha kutia saini kabla hujawaona hao wawili, simama.

Kwa sasa wajibu kwa mistari michache tu: mnashukuru, mko tayari kuzungumza, mtatuma makubaliano ya siri yaliyoandaliwa na wakili wenu, na mngependa kwanza kusikia wana mpango gani wa bei ya huduma kwa sacco baada ya kununua. Jibu la swali hilo la mwisho lihifadhi kwa maandishi.